Kioo Cheusi na Mwamba Mweupe wa Kariandusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, Ziwa Elmenteita linajitokeza upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna njia ya kuingia Kariandusi, eneo la mambo ya kale lililo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hapo, kwa hatua chache tu, utaona mashoka ya mawe yaliyochongwa kwa kioo cheusi cha volkano, na jirani yake kuta za mwamba mweupe unaochimbwa hadi leo. Nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi, na kila safari maswali yanarudi yaleyale. Nimeyakusanya hapa na majibu ambayo basi likishaanza kupiga honi huwa sipati nafasi ya kuyatoa yote.

Mawe haya mawili ni yapi hasa?

La kwanza ni obsidiani, yaani kioo kilichotengenezwa na volkano. Ni jeusi, linang'aa, na likivunjika huacha uso uliobonyea kwa mawimbi kama ndani ya kombe, wenye ukingo unaoweza kukuchana kidole kabla hujahisi maumivu. La pili ni diatomaiti. Huu ni mwamba mashapo, au mwamba tabaka kama wengine walivyofundishwa: mweupe, mwepesi, na laini kiasi kwamba unachorwa kwa ukucha.

Fikiria tofali mbili zinazolingana, kila moja na ujazo wa lita mbili. Ya obsidiani ingekuwa na uzito wa karibu kilo tano. Ya diatomaiti kavu ingekuwa karibu kilo moja, na ukiitia majini ingeelea mpaka vitundu vyake vijae maji.

Sasa zipeleke maabara. Zote mbili, kwa sehemu kubwa, ni silika, silikoni iliyoungana na oksijeni, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga wa kujengea. Obsidiani huwa na silika asilimia 70 hadi 76 hivi. Diatomaiti nzuri hupita asilimia 80. Hapo ndipo wanafunzi huanza kunitazama kwa shaka, na ndipo somo lenyewe linapoanzia.

Obsidiani huzaliwaje?

Watu wengi wana picha moja tu ya volkano vichwani mwao: lava nyekundu inayokimbia mteremkoni. Hiyo ni picha ya Nyiragongo, kule Goma. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, karibu asilimia 40, ndiyo maana ni nyepesi kiasi cha kumkimbiza mtu barabarani. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya volkano za Olkaria na Eburru, kusini mwa Elmenteita, ni kinyume chake. Ina silika nyingi, na silika ikiwa nyingi atomi zake hushikana katika minyororo na nyavu hata kabla magma haijapoa. Kwa hiyo haitiririki. Inajisukuma polepole, nzito kama ugali unaokaribia kuiva.

Uzito huo ndio siri ya kioo. Fuwele, tuseme za madini ya kwazi au feldispa, zinahitaji atomi zitembee na kujipanga safu kwa safu, kila moja mahali pake. Katika magma nzito atomi zinajikokota. Zaidi ya hayo, magma inapopanda kuelekea juu, maji yaliyoyeyuka ndani yake hutoka kama mvuke, na kadiri maji yanavyotoka ndivyo inavyozidi kukaza. Joto linaposhuka, atomi zinakamatwa pale pale zilipo, hazijapangika. Mwamba umeganda lakini kwa ndani una mpangilio wa kimiminika. Hicho ndicho kioo.

Aliyewahi kupika kashata ataelewa haraka. Sukari iliyoyeyuka ukiimwaga kwenye sinia ikapoa bila kukorogwa, inatoka ngumu na angavu, ukiigonga inapasuka vipande vyenye ncha. Ukiikoroga wakati inapoa, inarudi kuwa chembechembe. Sukari ni ileile. Kilichobadilika ni kama ilipata nafasi ya kujipanga au haikupata.

Kuna jambo la gesi pia. Magma ileile inaweza kutoa obsidiani au ile pumisi nyepesi ambayo wengi wanaisugulia visigino. Gesi ikitoka kwa kishindo, magma inafura povu, povu linaganda, unapata pumisi na majivu. Gesi ikipata njia ya kuvuja taratibu, magma inafika juu ikiwa imetulia, nayo inatoka kama ulimi mzito wa lava au kilima cha mviringo. Obsidiani hubaki na maji kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia moja ya uzito wake.

Wanasayansi walikaa miaka mingi wakieleza haya bila kuyaona yakitokea. Milipuko ya namna hii ni nadra. Nafasi ilipatikana nchini Chile: kwanza Chaitén mwaka 2008, kisha Cordón Caulle mwaka 2011 hadi 2012, ambako walitazama mto wa obsidiani ukisogea. Ule wa Cordón Caulle uliendelea kusonga miezi mingi hata baada ya tundu la volkano kuacha kutoa lava mpya, kwa sababu gamba la juu lilikuwa limeuhifadhi joto ndani.

Lakini kitabu chetu kinasema lava lazima iingie majini ndipo iwe obsidiani.

Sivyo. Kupoa haraka kunasaidia, na lava nyepesi ikiingia majini kweli hupata ganda jembamba la kioo. Ila vipande vikubwa vya obsidiani, vyenye unene wa mita na zaidi, vinatokana na uzito wa magma yenyewe, na vingi viliganda nchi kavu. Pembezoni mwa mto wa lava, chini yake na juu yake ndiko kioo kilipo. Katikati, joto lilipokaa muda mrefu, mara nyingi utakuta mwamba wa kijivu wenye chembe ndogo za fuwele. Mto wa lava wa Ololbutot, karibu na Olkaria, una umri wa karne chache tu, na hapo unaweza kuona obsidiani na mwamba wa kijivu vikipishana katika mwili mmoja.

Kama silika ni nyeupe, mbona kioo hiki ni cheusi?

Kwa sababu ya chuma kidogo na chembe ndogo mno za magnetiti, madini ya chuma, zilizotawanyika ndani. Chukua kibanzi chembamba ukielekeze kwenye jua, utaona kwamba si cheusi kabisa. Mwanga unapita. Obsidiani ya Eburru, ambayo ina chuma zaidi kuliko nyingine za jirani, hutoa rangi ya kijani ukingoni. Nimeona wanafunzi wakigombania kibanzi kimoja ili kila mmoja ajionee, na sijawahi kuwakemea kwa hilo.

Haya, na diatomaiti inatoka wapi?

Inatoka kwa viumbe hai. Hili ndilo jibu linalowashtua wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Diatomu ni mwani wa seli moja. Wapo baharini, maziwani, mitoni, hata kwenye udongo wenye unyevu. Wengi wana ukubwa kati ya sehemu mbili za elfu moja za milimita na moja ya tano ya milimita, kwa hiyo unahitaji hadubini. Kila seli hujijengea nyumba ya silika kwa vipande viwili vinavyofunikana, kama kijaluba na kifuniko chake. Ganda hilo lina vitundu vilivyopangwa kwa ufundi ambao sonara yeyote angeuonea wivu: wengine wa mviringo kama ungo, wengine warefu kama mtumbwi, wengine wameungana mnyororo kama vipande vya muwa.

Silika ya kujengea wanaitoa majini. Mito huleta silika iliyoyeyuka, isiyoonekana, miligramu chache au makumi ya miligramu katika kila lita. Diatomu anaifyonza, na katika ubaridi wa kawaida wa ziwa anaigeuza kuwa opali, yaani silika yenye maji ndani yake na isiyo na fuwele. Tanuru halihitajiki. Volkano inahitaji nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi kufanya kioo chake. Mwani huu unafanya kazi yake katika joto ambalo mtu angeoga nalo.

Anapokufa, sehemu laini inaoza au inaliwa. Ganda linazama. Mwaka baada ya mwaka maganda yanarundikana sakafuni mwa ziwa, yanashindiliwa na uzito wa yanayofuata, maji yanakamuliwa, na mashapo yanakuwa mwamba. Vitundu vya maganda vinabaki, ndiyo maana mwamba ni mwepesi na unafyonza maji kama sifongo. Gusa ukuta mkavu wa Kariandusi kwa kidole kilicholowa, utahisi ukikivuta.

Lakini si kila ziwa lenye diatomu linatoa diatomaiti. Matope yakiingia kwa wingi, maganda yanapotea ndani ya udongo, unapata mfinyanzi wa kawaida wenye diatomu chache. Maji yakiwa na magadi mengi, maganda yanayeyuka kabla hayajazikwa. Hapo ndipo Kariandusi inaposimulia habari yake. Elmenteita ya leo ni ziwa la magadi lisilo na kina, maji yake ya kuwafaa heroe zaidi kuliko diatomu wa maji baridi. Kuta nyeupe zilizo juu yake zinasema kwamba takriban miaka milioni moja iliyopita pale palikuwa na ziwa lenye kina, la maji matamu, lililotulia kiasi kwamba katikati yake hapakufika tope, na lilidumu hivyo muda wa kutosha kujenga mwamba unaomzidi mtu urefu mara kadhaa. Baadaye nyufa za Bonde la Ufa ziliinua na kukata mashapo hayo, mto ukayachimba, nasi tukayaona.

Jina Elmenteita, katika lugha ya Kimaasai, linahusishwa na vumbi. Ukisimama pale mwezi wa pili, upepo ukivuma, huhitaji kuambiwa sababu.

Mimi niliambiwa ni chaki. Wengine wanasema ni majivu ya volkano.

Makosa yote mawili yanaeleweka, kwa sababu kwa macho vitu hivi vinafanana. Mwamba wa chaki na mawe ya chokaa ni kalisi kaboneti. Dondosha siki kali au maji ya ndimu juu ya unga wake, utaona povu. Diatomaiti safi haitoi povu lolote. Ni jaribio la shilingi chache na mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya.

Majivu ya volkano ni vigumu zaidi kuyatofautisha kwa mkono, ila ukiyasugua kati ya vidole yanakwaruza, kwa kuwa ni vibanzi vya kioo, huku diatomaiti ikiteleza kama poda. Hadubini ndiyo inayomaliza ubishi: kwenye majivu utaona vipande vilivyopasuka ovyo, kwenye diatomaiti utaona vijaluba.

Ni upi uliochukua muda mrefu zaidi kutokea?

Diatomaiti, na wala hazikaribiani. Ukingo wa mto wa obsidiani unaweza kuwa kioo ndani ya saa au siku chache, na mto mzima ukapoa kwa miaka. Kwa diatomaiti, tufanye hesabu ya kawaida tu: tukichukulia kwamba ziwa linaweka nusu milimita ya mwamba kwa mwaka baada ya kushindiliwa, mita moja itahitaji miaka 2,000, na mita kumi miaka 20,000. Maziwa mengine huweka upesi zaidi na mengine polepole zaidi, lakini hesabu inabaki kwenye maelfu.

Kama zote hazina fuwele, kwa nini diatomaiti nayo isiitwe kioo?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza alikuwa msichana wa kidato cha pili aliyekaa kimya safari nzima.

Ni kweli kwamba opali ya diatomu haina mpangilio wa fuwele, kama obsidiani. Ukizipima zote mbili kwa miali ya eksirei hupati vile vilele vikali vinavyoonekana kwa kwazi. Unapata mwinuko mpana tu. Lakini kioo, kwa maana ya mwanajiolojia, ni kile kilichokuwa kimiminika cha moto kikapoa bila kupangika. Silika ya diatomu haikuwahi kuyeyuka kwa moto. Iliunganishwa kidogo kidogo kutoka majini, na ndani yake bado imebeba maji mengi kuliko obsidiani. Kwa hiyo mahali walipofika panafanana, njia ndizo zilizotofautiana. Jina la mwamba katika jiolojia hufuata njia.

Je, mawe haya yana undugu wowote, au yamekutana Kariandusi kwa bahati?

Yana undugu, na kwangu mimi hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote kwenye bonde lile.

Jiulize silika ya ziwa ilitoka wapi. Kwazi, ile ya mchanga, haipendi kuyeyuka. Katika joto la kawaida lita moja ya maji haibebi hata miligramu kumi na tano zake. Silika isiyo na fuwele inayeyuka mara nyingi zaidi ya hapo. Na Bonde la Ufa limejaa silika ya namna hiyo: majivu na pumisi, vyote kioo, vimetawanyika juu ya vilima kwa tabaka nene. Mvua inanyesha ikiwa na asidi kidogo ya kaboni dioksidi kutoka hewani na udongoni. Inapita kwenye majivu, inanyang'anya silika, inaipeleka mtoni, mto unaipeleka ziwani. Chemchemi za moto, kama zile zilizo karibu na Kariandusi hadi leo, zinaongeza sehemu yao, maana maji ya moto hubeba silika zaidi kuliko ya baridi.

Ziwani diatomu anangoja.

Kwa hiyo mwamba mweupe kwa sehemu kubwa ni volkano iliyosagwa na mvua, ikaliwa na mwani, ikajengwa upya. Sisemi kwamba bonge la obsidiani unaloliona lenyewe ndilo lililolisha ziwa. Bonge gumu huyeyuka taratibu mno. Ndugu zake majivu na pumisi, waliotoka katika magma za aina ileile, ndio waliofanya kazi hiyo. Tazama ukuta wa machimbo kwa makini: kati ya tabaka nyeupe kuna mistari ya kijivu. Kila mstari ni siku au wiki ambapo volkano fulani ililipuka na majivu yakaanguka juu ya ziwa, yakazama, kisha maganda meupe yakaendelea kushuka juu yake.

Umri wa miaka milioni moja umepatikanaje?

Kwa msaada wa mistari hiyo hiyo ya kijivu. Majivu ya volkano yana madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Ukipima agoni iliyokusanyika tangu madini yalipoganda, unapata umri wa mlipuko. Diatomaiti yenyewe haina saa ya namna hiyo. Inasomewa umri kwa majivu yaliyo chini yake na juu yake. Hivyo mwamba wa maji unaazima kalenda ya mwamba wa moto.

Obsidiani nayo ina saa nyingine isiyo sahihi sana. Uso mpya uliovunjika huanza kunyonya maji, na utando wenye maji unanenepa kadiri miaka inavyopita. Shida ni kwamba unanenepa haraka zaidi penye joto, kwa hiyo ni lazima ujue historia ya joto la mahali.

Watu wa kale walijua tofauti hizi?

Mikono yao ilijua. Mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walianza kufanya kazi Kariandusi mwishoni mwa miaka ya 1920, na walichokikuta ni mamia ya mashoka ya mkono ya utamaduni wa Asheli wa zama za mawe, mengine ya lava ya kawaida na mengine ya obsidiani. Mashoka ya Asheli ni mengi Afrika Mashariki, ila ya obsidiani ni machache. Melka Kunture, nchini Ethiopia, ni mahali pengine panapojulikana kwa hayo.

Sababu imo kwenye asili ya jiwe. Kwa kuwa kioo hakina fuwele, hakina njia za ndani za kupasukia. Ukikigonga, nguvu inasambaa sawasawa na ufa unakwenda unakoelekezwa na mgongaji. Ukingo unaopatikana unaweza kuwa mwembamba kuliko wa kisu cha chuma cha daktari wa upasuaji. Hasara yake ni kwamba unavunjika kirahisi. Diatomaiti haifai hata kujaribu: ukiigonga inasagika.

Na obsidiani ilisafiri. Kila volkano ina mchanganyiko wake wa kemia, kwa hiyo kibanzi kinaweza kurudishwa kwenye mlima wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Olorgesailie, eneo jingine la mambo ya kale nchini Kenya, ulionyesha kwamba watu wa takriban miaka 300,000 iliyopita walitumia obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95, katika eneo ambalo kioo hicho hakipatikani. Vibanzi kutoka eneo la Naivasha vimetambuliwa hata katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, takriban kilomita 300. Baadaye sana, wafugaji wa miaka kama 3,000 iliyopita, ambao utamaduni wao umepewa jina la Elmenteita, walipenda hasa kioo cha mlima Eburru, na waliufuata hadi kwenye miteremko yake.

Sipendi watu wanaposema babu zetu waliokota tu mawe yaliyokuwa karibu. Walichagua, na walitembea.

Jiwe la gumegume linaingia wapi katika habari hii?

Kwenye uzee. Opali haidumu milele. Diatomaiti ikizikwa kwa kina, ikapata joto na muda, maganda yanayeyuka na silika inajipanga upya, kwanza nusunusu, mwishowe inakuwa kwazi ya chembe ndogo mno. Mwamba unabana, unakuwa mgumu, nao ni cherti, jamii moja na gumegume. Huko California, katika mwamba unaoitwa Monterey, mabadiliko hayo yanaonekana hatua kwa hatua.

Obsidiani nayo inazeeka. Inanyonya maji ikawa pelaiti yenye nyufa za mviringo, au inachipusha fuwele ndani, yale madoa meupe kama theluji ambayo wauza vito wanayapenda. Ndiyo sababu ni nadra kukuta obsidiani yenye umri wa zaidi ya miaka milioni mia moja.

Kenya ina njia ya tatu ya silika kuwa mwamba, na ni yetu kweli. Katika Ziwa Magadi maji yana magadi mengi hata silika nyingi huyeyuka humo, kisha inashuka kama madini laini meupe yanayoitwa magadiaiti. Hans Eugster aliyaeleza mwaka 1967 na kuyapa jina la ziwa. Madini hayo yakipoteza sodiamu yanageuka kuwa cherti, bila diatomu yeyote kuhusika. Cherti ya maziwa ya namna hiyo iko pia Olduvai, na wachonga zana wa huko waliitumia zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Diatomaiti inachimbwa kwa kazi gani?

Kuchuja bia, juisi na maji, kujazia rangi na plastiki, kuhami joto. Alfred Nobel alipata hataza ya baruti yake ya dinamiti mwaka 1867 kwa kuifanya diatomaiti ifyonze nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka. Kwa mkulima, matumizi muhimu ni kuhifadhi mahindi: unga wake ukichanganywa na nafaka kavu unakwangua na kufyonza nta iliyo juu ya mwili wa fukusi na dumuzi, mdudu anakauka na kufa. Nunua uliotengenezwa kwa kazi hiyo, usikwangue ukuta wa machimbo.

Vumbi lake ni hatari?

Vumbi lolote la silika si la kuvuta. Diatomaiti ya asili ina fuwele kidogo, lakini ile iliyochomwa viwandani huwa na kristobalaiti, silika yenye fuwele, ambayo huharibu mapafu ya anayeivuta miaka mingi. Mgeni wa saa moja hana sababu ya hofu. Mfanyakazi wa machimbo anastahili barakoa nzuri kila siku, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakifanya kazi wakiwa wamejifunga vitambaa tu.

Naweza kuchukua kipande nyumbani?

Kariandusi, hapana. Kibanzi unachokiona kidogo kinaweza kuwa ni kazi ya mkono wa mtu wa miaka laki nyingi iliyopita, na mahali kilipolala ni nusu ya habari yake. Kikishaingia mfukoni, habari hiyo imekufa. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakulinda wewe na mimi dhidi ya tamaa hiyo. Piga picha, weka sarafu kando ili ukubwa uonekane.

Nina nusu saa tu. Nitazame nini?

Anza na mashoka. Yasogelee jua likiwa ubavuni, utaona mawimbi ya mapigo kwenye kioo. Kisha mwombe kiongozi wa makumbusho akuonyeshe pa kusimama salama karibu na ukuta mweupe, usiingie kwenye mashimo ya machimbo. Usitazame ukuta wote. Tafuta mstari mmoja wa kijivu, unene wake hata usizidi kidole. Chini yake ni maganda, juu yake ni maganda. Uguse hapo katikati, usugue taratibu, usikie unavyokwaruza.